Maji Yanayokulowesha Umeyarusha Mwenyewe

Haya jamani tuanze, mlioko nyuma kama hamnisikii nyoosheni mkono. Leo sina slaidi, nina kijiko, jagi la maji na beseni, vinatosha.

Nianze na lalamiko ninalolisikia kila siku kwa watu wenye boti ndogo, hizi za futi 16 mpaka 25 zenye injini ya kufunga nyuma. Mtu katoka bahari ya nje, karudi amelowa chapachapa, chumvi mpaka kwenye nyusi, anakwambia leo bahari chafu, mawimbi yametupiga kwelikweli. Namuuliza, ulikua unakwenda spidi gani? Ananiangalia kama nimemtukana. Maana maji yale hakurushiwa na wimbi, kayarusha mwenyewe. Wimbi ambalo halijavunjika linapanda na kushuka tu, halina ugomvi na mtu, ila boti ikilikanyaga kwa kasi maji yanakosa pa kwenda, yanachomoka pembeni kama shuka nyembamba, yanapanda ubavuni, yanaruka, alafu upepo unayadaka na kukuletea usoni.

Sasa kijiko. Nakishika ncha ya mpini kwa vidole viwili kining'inie, mgongo wake unagusa maji yanayomiminika. Dada naomba unimiminie, taratibu... Mmeona? Ungedhani maji yatakisukuma kando, kumbe kijiko kinavutwa ndani na maji yanaufuata mgongo wake mpaka yanatokea upande wa pili. Maji yanapenda kung'ang'ania kitu cha mviringo, na ndo maana boti yenye ubavu wa mviringo mbele inalowesha watu, maji yanapanda nao mpaka juu kabisa. Hiki kingine nimekibandika njiti ya kiberiti kukatiza mgongo. Mimina tena. Yanaachia palepale kwenye njiti, yanaruka nje.

Hiyo njiti ndo ile mibao mirefu iliyotokeza chini ya boti, kutoka omo, yaani mbele ya boti, kurudi nyuma, wengi wanadhani ni pambo. Kazi yake ni kuyaachisha maji na kuyatupa chini na kando, na inafanya kazi kama ukingo wake ni mkali. Nimeona mtu anaipiga msasa mpaka inakua laini kama sabuni, anapaka rangi tabaka tatu ili boti ipendeze, alafu anashangaa mbona siku hizi boti inarusha maji kuliko zamani.

Umbo la chini nalo lina historia yake. Zamani boti za mbio nyingi chini zilikua na umbo kali la V mbele tu, zikifika nyuma zinakua karibu bapa, kwenye maji tulivu zinapaa vizuri, yaani zinainuka na kuteleza juu ya maji, ila kwenye mawimbi zinapiga kama mlango uliobamizwa. Mmarekani mmoja, Ray Hunt, akachora chombo ambacho ile V inaendelea mpaka mwisho kabisa, karibu digrii 24 kila upande, pamoja na hiyo mibao tuliyoiona kwenye kijiko. Mwaka 1960 boti ya Dick Bertram ya muundo huo, Moppie, iliingia kwenye mbio za Miami mpaka Nassau, bahari ikiwa imechafuka, ikashinda. Toka hapo watengenezaji wengi wa boti za bahari ya nje wakaiga. Ila hakuna cha bure, V kali inayumba sana ikisimama na inataka injini yenye nguvu zaidi.

Umbo ushalinunua, hulibadilishi ukiwa katikati ya mawimbi. Unachobaki nacho ni mkono wa mafuta unaoongeza na kupunguza spidi, pembe ya injini, mizigo, na uelekeo. Na hapa watu wanakosea kitu kimoja, wakianza kulowa wanapunguza spidi nusu, wanalowa zaidi! Kwenye spidi ya katikati boti inalima maji kwa mbele, shuka la maji linachomokea mbele yako wewe uliyekaa. Ukipaa vizuri lile shuka linarudi nyuma, linachomokea nyuma ya kiti chako, halikuhusu tena. Kwa hiyo kama bahari inaruhusu kupaa, paa, kama hairuhusu shuka mpaka spidi ya chini kabisa, hapo katikati usikae.

Pembe ya injini nayo ina bei yake. Ukiiingiza ndani, yaani mguu wake usogee kwenye boti, mdomo wa boti unashuka, ile sehemu kali ya mbele inakata wimbi, mgongo wako unapona ila unalowa. Ukiitoa nje mdomo unainuka, unakauka, ila boti inatua kwa tumbo. Huwezi kupata vyote. Mi nachagua kulowa, nguo inakauka, pingili ya kiuno ikivunjika hiyo ni hadithi nyingine, na zinavunjika kweli hasa kwa abiria waliokaa mbele kwa ajili ya kuona vizuri. Watu wakae nyuma. Anayeendesha kwa kusimama akunje magoti.

Upepo ukija mbele kabisa maji yanatawanyika pande zote mbili, mnapona. Ukija kwa pembe, maji ya upande wa joshi, yaani upande upepo unakotoka, yote yanarudishwa ndani, basi wa upande huo ndo wanaopigwa. Sogeza watu upande wa joshi, inashangaza lakini V inapenda kulalia upande wa upepo. Samahani, nimejichanganya, wasogeze upande wa DEMANI, kule upepo unakokwenda, ili ubavu wa joshi uinuke. Asante mzee uliyetikisa kichwa.

Sasa niseme kilichonileta. Kulowa sio hatari. Nilizoea kuogopa safari ya kwenda mbele ya upepo kwa sababu ya makelele na maji, na kurudi na mawimbi nyuma nikiona raha, pakavu, kimya, mtu anasinzia. Siku moja narudi hivyo hivyo, nikalipita wimbi kwa mbele bila kufikiri, boti ikateremka uso wake wa mbele, mdomo ukaingia kwenye wimbi la mbele kama koleo kwenye mchanga. Hakukua na rasharasha hata tone. Maji yaliingia mazima, kijani, kimyakimya, mpaka magotini. Usukani ukawa mwepesi mkononi kama haujafungwa kwenye kitu.

Piga hesabu. Sakafu ya mita 4 kwa mita 1.5, maji sentimita 10 tu, hiyo ni lita 600, na maji ya bahari yana uzito wa kama kilo 1,025 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo umepakia kilo 615, kama watu tisa, na watu hao tisa wote wanakimbilia upande mmoja boti ikiinama. Hapo ndo boti inapinduka, sio kwenye manyunyu.

Mawimbi ya kina kirefu yanayofuatana kila sekunde 6 yanatembea kama kilomita 34 kwa saa, ndo maana ukienda 40 unayapita bila kujua. Mi siku hizi nakaa mgongoni kwa wimbi moja, nyuma ya kilele, injini nimeitoa kidogo mdomo uwe juu, mkono hautoki kwenye mafuta, wimbi likipunguza na mimi napunguza, na jicho moja nyuma kila mara. Kwenye mlango wa kuingilia penye kina kifupi nasubiri nje kwanza, nahesabu, maana hapo wimbi linavunjika kimo chake kikifika kama robo tatu hivi ya kina cha maji.

Swali, ndio kaka... Anauliza maji yakishaingia afanyeje. Kama injini inawaka usiizime, geuza omo kwenye mawimbi polepole, watu wakae chini katikati, nyie wengine tekeni maji kwa ndoo mmwage nje, ndoo inashinda pampu ndogo. Na kamba ya kuzimia injini ukidondoka iwe imefungwa mwilini toka ulipoondoka, sio unaanza kuitafuta.