Tangi la matumbawe nyumbani: anza na usiku umeme utakapokatika

IDI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Idi, na niko na dada yangu Mama Nuru, ambaye leo kaja na daftari.

MAMA NURU: Nimekuja nalo, Idi. Kurasa kumi na moja, zote tangi. Urefu sentimita 180, upana 60, kimo 60. Litakaa sebuleni kwangu Kigamboni, kati ya dirisha na mlango. Maji chumvi, na ninataka matumbawe hai, si samaki peke yao. Nimeshaandika na vifaa: taa, pampu, skima ya kutoa uchafu majini...

IDI: Naomba hiyo orodha uiweke kando kidogo, dada. Nina swali moja kabla yake. Ni mwezi wa pili, saa nane usiku, joto hilo la kaskazi unalijua. Umelala. Umeme unakatika. Ndani ya tangi kunatokea nini?

MAMA NURU: Pampu zinasimama.

IDI: Zinasimama. Halafu?

MAMA NURU: Maji yanatulia. Yanapata joto... Hapo sijafika, kusema kweli.

IDI: Mimi nilifika. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 300, Tabata. Umeme ulikatika saa tano usiku ukarudi alfajiri. Nilipoinua kifuniko nilikutana na harufu ya chaza aliyeoza. Samaki wangu, kangaja, alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, mashavu yanakwenda mbio. Matumbawe laini yamejikunja yamekuwa kama kitambaa kilicholowa. Joto lilichangia, lakini kilichoua hasa ni hewa. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na yakisimama kimya hayavuti nyingine kutoka juu. Usiku ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwani unaoishi ndani ya matumbawe hautengenezi oksijeni gizani, unaitumia. Fedha yangu yote nilikuwa nimeiweka kwenye taa. Betri sikuwa nayo.

MAMA NURU: Pole, mdogo wangu.

IDI: Nimeshapoa. Ila ndiyo maana nasema kifaa cha kwanza kwenye daftari lako kiwe betri.

MAMA NURU: Kubwa kiasi gani? Maana nikisema inverta ya kuendesha kila kitu, hiyo bei naijua.

IDI: Huhitaji kuendesha kila kitu. Taa ikizimika usiku mzima hakuna tatizo. Skima inaweza kusubiri. Kinachotakiwa ni pampu moja ya mawimbi inayotikisa uso wa maji. Chagua inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, hizi za volti 12, kama wati 30. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, usiitumie kupita nusu, kwa hiyo una 600. Gawa kwa 30.

MAMA NURU: Saa 20.

IDI: Saa 20, samaki wako wanapumua.

MAMA NURU: Haya, nimeandika ukurasa wa kwanza. Na joto je? Maana hilo halingoji umeme ukatike. Mimi Januari hata sakafu naiona ina joto.

IDI: Hapo ndipo Dar inatofautiana na wenzetu wa Ulaya, ambao vitabu vyao vinaanza na hita. Sisi kazi yetu ni kupoza. Tunataka maji yakae nyuzi 25 mpaka 27. Sebule ya mchana inafika 31, 32, halafu pampu nazo zinaongeza joto, taa nayo inaongeza.

MAMA NURU: Nimewaza feni tu, inapuliza juu ya maji.

IDI: Feni inafanya kazi, na nitakuambia kiasi gani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la kutosha kushusha tangi lako zima karibu nyuzi moja.

MAMA NURU: Lita moja tu?

IDI: Lita moja. Tatizo ni mawili. Kwanza, wakati wa kaskazi hewa yetu imeshiba unyevu, kama nguo za kufuliwa zinavyogoma kukauka. Siku unayoihitaji feni zaidi ndiyo siku inayokusaidia kidogo. Pili, maji yanapanda mvuke lakini chumvi inabaki. Mfumo wako utakuwa na kama lita 700 ukijumlisha na tangi la chini, lile dogo la vifaa. Ukipoteza lita 10 kwa siku na usirudishe, kwa siku tano chumvi inatoka gramu 35 kwa lita inakaribia 38. Kwa hiyo feni inakuja pamoja na kifaa cha kujaza maji chenyewe, kile chenye boya au kihisi. Na kinachojazwa ni maji matamu, siyo ya chumvi. Watu wengi wanakosea hapo.

MAMA NURU: Kwa hiyo chila, mashine ya kupoza maji, lazima.

IDI: Kwa matumbawe magumu, kwa Dar, mimi naona lazima. Ila usiifungie kabatini chini ya tangi. Mashine ya kupoza inachota joto la maji inalitupa hewani. Ukiiweka kabatini inavuta joto lake mwenyewe, inahangaika mchana kutwa. Iweke nje, barazani, penye kivuli, mabomba yapite ukutani. Yenye wati 400 ikifanya kazi saa 10 kwa siku ni yuniti 4 za LUKU kila siku. Hesabu hiyo uifanye leo, kabla ya kununua kioo.

MAMA NURU: Yuniti 4 kila siku. Hiyo ni 120 kwa mwezi, bado pampu na taa. Nimeelewa kwa nini ulisema niweke orodha kando. Na chila ikizimika na umeme?

IDI: Chupa za maji za lita moja na nusu, zigandishe kwenye friza, ziwe nne au tano muda wote. Chupa nne zikiyeyuka ndani ya tangi lako zinashusha karibu nyuzi moja. Zielee zikiwa zimefungwa, usimimine.

MAMA NURU: Wasikilizaji, naomba niseme kwa nini nashikilia matumbawe, maana mtu ataniuliza kwa nini nisifuge samaki wa maji matamu nikapumzika. Nimekulia Mafia. Mwaka 1998, ule mwaka wa El Niño, bahari ilipata joto na miamba ikawa myeupe. Nilikuwa binti. Baba alinipeleka na ngalawa, maji yamekupwa, ukiangalia chini unaona weupe mtupu kama chokaa. Nikadhani ndiyo uzuri wake. Baba akasema, hayo yanakufa.

IDI: Ule mwani mdogo ndani yake ulikuwa umetoka. Ndio unaoyapa rangi na ndio unaoyalisha. Joto likizidi nyuzi moja tu juu ya kawaida ya kiangazi, kwa wiki kadhaa, yanautapika.

MAMA NURU: Basi ndiyo maana ukiniambia nyuzi moja mimi sioni ni kitu kidogo.

IDI: Tuje kwenye maji yenyewe. Utayatoa wapi?

MAMA NURU: Hili nalo liliniumiza kichwa. Ninaishi Kigamboni, bahari naisikia usiku. Kwa nini nikanunue chumvi ya dukani?

IDI: Inawezekana kuchota baharini, siwezi kukudanganya. Lakini siyo ufukweni karibu na mdomo wa mto. Masika yakishika, Msimbazi na vijito vyote vinamwaga maji ya mvua na kila kilichooshwa mjini, na chumvi inashuka. Itabidi uchote mbali, maji yamejaa, uyachuje, uyapumzishe gizani kwenye mapipa yanayopulizwa hewa. Na siyo mara moja. Ukibadilisha asilimia 10 kila wiki ni lita 70, wiki baada ya wiki. Mimi nimechagua chumvi ya kuchanganya. Kwa lita 700 za kuanzia utahitaji kama kilo 26.

MAMA NURU: Na hayo maji matamu ya kuchanganyia? Nina kisima.

IDI: Maji ya visima vya Kigamboni, mengi yana chumvi na chokaa yake tayari. Unahitaji mashine ya RO, ya kuchuja maji kwa membreni, yenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini yote, kipimo kisome sifuri. Na hapa sikiliza vizuri. Ile membreni inataka msukumo wa kama ba 4. Simtanki lako limeinuliwa mita ngapi?

MAMA NURU: Nne hivi.

IDI: Mita nne inakupa ba 0.4. Mashine itakutolea matone, na wewe utasema ni mbovu. Weka pampu ya kusukuma kabla yake. Na kwa kila lita safi, lita tatu au nne zinatupwa. Usizitupe, pigia deki.

MAMA NURU: Sasa mchoro wangu huu wa tangi la chini uutazame. Ndani yake nitaweka skima na pampu ya kurudisha maji juu. Skima naipenda, nilioneshwa moja inavyofanya kazi. Vipovu vidogo kama maziwa vinapanda, uchafu unanata kwenye povu, na kile kikombe cha juu kinajaa maji ya rangi ya strungi.

IDI: Na harufu yake utaijua! Hebu nione. Tangi la chini urefu 120, upana 45, kimo 40. Lita 216. Maji yatakaa kimo gani?

MAMA NURU: Sentimita 25.

IDI: Basi ni lita 135, imebaki nafasi ya lita 81. Na bomba la kurudisha maji juu, mdomo wake umeuchora... sentimita 10 chini ya uso wa maji. Dada, umeme ukikatika hapa sebule inaloa.

MAMA NURU: Kwa vipi? Pampu si imezimika?

IDI: Pampu imezimika, lakini bomba limejaa maji na mdomo umezama. Maji yananyonywa kurudi chini kwa bomba lilelile mpaka mdomo uvute hewa. Tangi lako kila sentimita moja ya kimo ni karibu lita 10.8. Sentimita 10 ni lita 108. Nafasi unayo 81.

MAMA NURU: Lita 27 kwenye sakafu. Na zulia.

IDI: Na bado maji yaliyomo kwenye mabomba. Pandisha mdomo uwe sentimita 2 chini ya uso. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee, konokono mmoja akikaa pale haifungi. Na mabomba ya kushushia maji yawe mawili, moja la kazi na moja la akiba, kubwa, halina koki yoyote.

MAMA NURU: Koki nilitaka zile nzito za shaba, nilizoziona kwenye maduka ya Gerezani. Zinadumu.

IDI: Hapana, hapana. Shaba inaua konokono, kamba, matumbawe, vyote visivyo na uti wa mgongo, hata ikiwa kidogo sana. Fundi mmoja aliwahi kunifungia kiungo cha shaba ndani ya bomba la plastiki, kwa nje hakionekani. Konokono walianza kudondoka kwenye kioo mmoja mmoja. Nilipima chumvi, nilipima joto, nilibadilisha maji, wiki tatu nahangaika. Plastiki tupu, kila kiungo ukishike kwa mkono wako kabla hakijagundishwa.

MAMA NURU: Nimekata. Taa?

IDI: Taa ni rahisi siku hizi. LED yenye bluu ya kutosha, saa 8 mpaka 10, na nunua unayoweza kupunguza nguvu. Anza chini. Na kila waya kabla ya kufika soketi ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji ya chumvi lidondoke pale kwenye kona. Mwambie fundi umeme aweke na breka ya kukata umeme unapovuja.

MAMA NURU: Stendi nampa seremala wa Keko, mvule. Chuma naogopa kutu.

IDI: Mvule vizuri. Uzito wote, na vioo na mawe, unapita tani moja. Kwako ni nyumba ya chini, sakafu ya zege, hakuna shida, hakikisha tu kwa pimamaji kwamba stendi imelala sawa pande zote. Anayekaa ghorofani amuulize mhandisi kwanza.

MAMA NURU: Na matumbawe nayapata wapi, watu wataniuliza. Mimi baharini siendi kuvunja. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na hata pengine pasipotengwa, mimi nimeona kule kwetu mwamba unavyochukua miaka.

IDI: Vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, na karatasi zake. Matumbawe magumu yote yako kwenye mkataba wa CITES, kwa hiyo kikivuka mpaka lazima kiwe na kibali. Anayekuuzia bila karatasi, mwache. Na huna haraka, maana mawe yakishaingia unasubiri wiki nne mpaka sita bakteria wa kusafisha uchafu wa samaki washike kazi.

MAMA NURU: Sasa, lile dirisha. Jua la alasiri linapiga pale pale.

IDI: Nilikuwa nakusubiri ulione mwenyewe.

MAMA NURU: Linahama. Ukuta wa upande wa pili, nyuma yake ndiyo baraza, na chila itakaa hapo. Seremala anamaliza mwisho wa mwezi. Utakuja?

IDI: Nitakuja na chaki. Tutajaza maji matamu kwanza, hakuna chumvi, hakuna kiumbe. Wewe utasimama kwenye swichi kubwa uzime, mimi nitakuwa chini nikipiga mstari pale maji yanapokomea. Tutazima mara kumi.