Jina la Protini ni Dai: Miongozo ya Data katika Spektrometri ya Tungamo

Mabibi na mabwana, watafiti wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaoanza kazi hii,

Katika kazi nyingi tunazofanya, mashine zetu za spektrometri ya tungamo, yaani za kupima tungamo la molekuli, hazipimi protini nzima. Tunaikata protini kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya lisini au arginini, mbili kati ya asidi amino zinazounda protini. Vipande vinavyopatikana, yaani peptidi, vinapewa chaji, unapimwa uwiano wa tungamo na chaji, kisha vinavunjwa tena na mabaki yake yanapimwa. Kinachotoka ni namba tupu; zile za peptidi moja iliyovunjwa tunaziita spektra. Jina la protini huletwa na programu inayolinganisha namba hizo na mifuatano ya asidi amino iliyomo kwenye kanzidata. Kwa hiyo kila jina tunalochapisha ni dai, na msomaji ana haki ya kudai ushahidi wake.

Ushahidi huo huteleza kwa urahisi. Lusini na isolusini, asidi amino nyingine mbili, zina tungamo lilelile, kwa hiyo kipimo cha kawaida hakizitofautishi. Tena programu haioni haya kujibu: ukiipa spektra ambayo peptidi yake haimo kabisa kwenye kanzidata, bado itakutafutia inayofanana nayo. Ndiyo maana tunachanganya humo mifuatano bandia, mara nyingi ile ya kweli iliyogeuzwa kinyumenyume, tukahesabu majibu mangapi yameangukia huko, na kutokana na hapo tukakadiria makosa. Wengi hukubali asilimia 1.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Asilimia 1 ya spektra si asilimia 1 ya protini. Majibu sahihi hurundikana kwenye protini zilezile zilizomo kweli katika sampuli, lakini majibu ya makosa hutawanyika, na karibu kila moja huleta jina jipya. Ukikusanya majaribio mengi pamoja, protini za kweli hurudiarudia huku za uongo zikizidi kuongezeka. Makala inayosema tu "makosa asilimia 1" bila kueleza ni ya ngazi ipi, kwangu mimi haijasema kitu.

Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha rasimu mbili za proteomu ya binadamu, yaani jumla ya protini zake, kazi kubwa na za kuheshimika. Wengine walipozichambua upya, walikuta vipokezi vya harufu vimetajwa kwenye tishu ambako hakuna aliyevitarajia, na spektra zilizovitetea zilikuwa dhaifu. Hilo liligundulika kwa sababu data zilikuwa wazi. Leo miongozo ya Mradi wa Proteomu ya Binadamu inataka protini inayodaiwa kuonekana kwa mara ya kwanza iwe na angalau peptidi mbili za kwake peke yake, kila moja yenye asidi amino 9 au zaidi, na moja isiwe imemezwa ndani ya nyingine. Wapo wanaolalamika kwamba ni masharti makali. Mimi nayaunga mkono.

Kuhusu miundo ya faili sitakaa sana, maana vita hivyo vimekwisha. Kila mtengenezaji wa mashine ana muundo wake. Zikazuka mzXML na mzData, mbili zikishindania kazi moja, hadi mwaka 2008 zilipounganishwa kuwa mzML. Mahali pa kuweka data pia papo: PRIDE, MassIVE, jPOST na iProX zimo ndani ya ushirika wa ProteomeXchange, na kila seti hupewa namba inayoanza na PXD.

Kinachoniuma ni maelezo ya sampuli. Unapakua mamia ya faili ghafi, ukizifungua majina yake ni A1, A2, A3_mpya. Ipi ni ya mgonjwa, ipi ya mtu mwenye afya? Zipi zilipimwa siku moja? Hakuna anayejua, na faili hizo, japo ziko wazi kwa dunia nzima, hazichambuliki tena. Ipo njia: muundo wa SDRF, jedwali la kawaida ambalo kila mstari wake unafunga sampuli na faili yake, pamoja na kiungo cha mwili, ugonjwa, kimeng'enya na mashine iliyotumika. Ombi langu kwenu ni kwamba jedwali hilo lijazwe siku ileile sampuli zinapoingia mashineni, na ajaze yule aliyezitayarisha. Na ninyi mnaopitia makala za majarida, lifungueni jedwali kabla ya kutazama grafu. Likikosekana, rudisheni makala.