Padri Walter Lini wa Vanuatu na Swali la Ardhi

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, hamjambo. Ninazungumza nanyi kutoka Auckland, New Zealand, na leo nimekusudia kuwaeleza habari za kiongozi wa visiwa vya Pasifiki ambaye Watanzania tulipaswa kumfahamu tangu zamani, kwa kuwa yeye alitufahamu sisi. Huyo ni Walter Lini, padri wa Kianglikana aliyesomea theolojia katika jiji hili, kisha akawa waziri mkuu wa kwanza wa Vanuatu.

Lini alizaliwa mwaka 1942 katika kisiwa cha Pentecost, wakati nchi yake ikiitwa New Hebrides. Tangu mwaka 1906 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikiitawala kwa pamoja, kila moja ikiwa na polisi wake, shule zake na sheria zake, huku wenyeji wakiwa si raia wa Uingereza wala wa Ufaransa. Ardhi nyingi yenye rutuba ilikuwa mikononi mwa walowezi waliopanda minazi na kufuga ng'ombe, na malalamiko juu ya ardhi hiyo ndiyo yaliyompa nguvu Lini alipoingia katika siasa. Mwaka 1971 alishirikiana na wenzake kuanzisha harakati zilizozaa chama cha Vanua'aku Pati. Chama hicho kilisusia uchaguzi wa mwaka 1977, na katika uchaguzi wa Novemba 1979 kikapata viti 26 kati ya 39.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Julai 1980, na haukuja kwa utulivu. Katika kisiwa cha Espiritu Santo, Jimmy Stevens alikuwa ametangaza kujitenga, akiungwa mkono na baadhi ya walowezi wa Kifaransa na matajiri wa Kimarekani waliotamani kujipatia nchi isiyo na kodi. Askari wa Uingereza na Ufaransa walipelekwa huko lakini hawakuyazima maasi, hata Lini akaiomba Papua New Guinea msaada, na majeshi yake yakaimaliza kazi hiyo katika muda wa wiki chache. Mimi huona hatua hiyo kuwa ya busara kubwa, kwa sababu taifa lililokuwa changa kabisa lilikataa kuurejesha ulinzi wake kwa wale waliokuwa wakiondoka.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi. Lini aliuita mwelekeo wake ujamaa wa Kimelanesia, yaani wa Melanesia, eneo la Pasifiki ambamo Vanuatu imo, na katika kuujenga aliutazama kwa heshima mfano wa Mwalimu Nyerere. Kama Mwalimu, alishikilia kwamba kijiji kina desturi ya kugawana na kushauriana ambayo inaweza kuwa msingi wa taifa, bila kuazima itikadi nzima kutoka Ulaya. Hata hivyo, katika suala la ardhi Vanuatu ilifuata njia yake. Kwetu, umiliki binafsi wa kudumu ulifutwa mwaka 1963, na sheria za mwaka 1999 zinaeleza kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Vanuatu nayo iliufuta umiliki wa walowezi, lakini Ibara ya 73 ya Katiba yake ikatamka kwamba ardhi yote ya Jamhuri ni mali ya wenyeji wanaoimiliki kimila pamoja na vizazi vyao. Haikuwekwa mkononi mwa dola. Ilirudishwa kwa koo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililofanyika chini ya uongozi wake.

Nje ya nchi, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko taifa lake lenye watu takribani 110,000 wakati huo. Alipinga majaribio ya nyuklia ya Ufaransa, akazuia meli zenye silaha za nyuklia kuingia bandarini, akajiunga na Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na akawatetea watu wa New Caledonia, Papua Magharibi na Timor ya Mashariki.

Mwaka 1987 alipatwa na kiharusi akiwa Washington, na ninaamini, kwa huzuni, kwamba alipaswa kung'atuka wakati huo. Alibaki, akazidi kuyakusanya madaraka mikononi mwake na kuwaondoa waliompinga. Mwaka 1988 aligombana na Barak Sope, mwenzake wa tangu mwanzo, katika mgogoro uliohusu, kama ilivyotarajiwa, usimamizi wa ardhi ya mjini, na mji mkuu wa Port Vila ukakumbwa na ghasia. Mwaka 1991 chama alichokiasisi kilimwondoa katika uongozi, naye akaunda chama kingine na kushirikiana na wanasiasa wa upande wa Wafaransa aliopambana nao miaka yote. Alifariki dunia Februari 1999.

Ile Ibara ya 73 ilibaki, lakini ilikuwa na mwanya. Ardhi ya kimila haiuzwi, ila inaweza kukodishwa kwa miaka 75, na pale koo zilipogombania umiliki, waziri wa ardhi aliruhusiwa na sheria kutia saini mkataba kwa niaba yao. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya pwani ya kisiwa cha Efate ikaangukia kwa wawekezaji wa kigeni, na wazee wakajikuta wakizuiwa kufika ufukweni walikovua samaki tangu utotoni. Ni baada ya sheria mpya zilizosimamiwa na Waziri Ralph Regenvanu mwaka 2013 ndipo waziri alipopokonywa mamlaka hayo, na uamuzi wa nani ni mwenye ardhi ukarudishwa katika mabaraza ya kimila, yaani kwa watu walewale ambao Katiba ya mwaka 1980 ilikuwa imewataja.