Milioni Tano Kupanda Ndege Inayokurudisha Palepale

NEEMA: Haya karibuni tena jamani, Mudi yuko kwake huko Kanada mimi niko Dar, umeme upo mpaka sasa hivi tuombe uendelee kuwepo, na leo simwachii Mudi aanze na zile salamu zake ndefu kwa sababu huyu mtu kalipa hela akapanda ndege, ikapaa, ikazunguka, ikamrudisha palepale alipopandia. Mudi, shilingi ngapi vile?

MUDI: Usinifanyie hivyo dadangu, watu hata hawajatulia.

NEEMA: Sema tu.

MUDI: Zaidi ya dola elfu tatu za huku.

NEEMA: Yani zaidi ya milioni tano za kibongo. Jamani! Mtu anaanza msingi Chanika kwa hela hiyo.

MUDI: Maneno ya mama hayohayo. Nilivyompigia akaniuliza, sasa imekupeleka wapi? Nikamwambia mama haijanipeleka popote. Akakaa kimyaa, afu akauliza kama nakula vizuri.

NEEMA: (anacheka) Haya waambie ni ndege gani, wengine wanadhani ulipanda kale kandege ka shambani.

MUDI: Ni Lancaster, ile ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu vita vya pili vya dunia, injini nne, mabawa toka ncha mpaka ncha ni mita 31. Zilitengenezwa 7,377 na leo zinazoruka dunia nzima zimebaki mbili, moja ni ya jeshi la anga la Uingereza na hiyo we mtu wa kawaida hupandi kwa hela yako, kuna nyingine hukohuko Uingereza unalipa wanakutembeza nayo chini tu uwanjani haipai, na hii sasa ya makumbusho ya ndege pale Hamilton, Ontario, ndo hiyo unakuwa mwanachama, unalipa, unapanda. Kwa hiyo sio ujinga kama mnavyodhani, hakuna kwingine.

NEEMA: Sijasema ujinga. Nimesema msingi Chanika.

MUDI: Afu hii ndege ina stori na mimi, we subiri. Chumba changu cha kwanza huku nilipanga Malton, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, ndege zinapita juu ya bati yani chai inacheza kwenye kikombe. Nimekaa pale miaka minne nabeba maboksi zamu ya usiku, sijui lolote, kumbe hizi Lancaster 430 zilitengenezwa Malton hapohapo, na wanawake kibao ndo walikuwa wanagonga ripiti. Na hii niliyopanda imetoka kiwandani pale July 1945.

NEEMA: Vita si vilishaisha?

MUDI: Ulaya viliisha Mei. Ilichelewa. Haijawahi kumdondoshea mtu hata bomu moja, kazi yake ilikuwa doria baharini na kutafuta watu waliopotea, ikastaafu, wakaisimamisha juu ya nguzo kwenye kamji kanaitwa Goderich kama sanamu, mvua yake jua lake, mpaka 1979 likaja helikopta lile la jeshi lenye mapanga mawili juu likaibeba inaning'inia mpaka Hamilton. Watu wakajitolea kuitengeneza miaka tisa. 1988 ikaruka. Na 2014 ikavuka Atlantiki kwenda kuruka pamoja na ile ya Uingereza.

NEEMA: Sa ngoja, mi swali langu la kwanza lilikuwa hujaogopa? Maana ya mwaka 2019 tuliyaona.

MUDI: Niliogopa. Ile iliyoanguka ilikuwa B-17, ndege ya mabomu ya Kimarekani ya vita hivyohivyo, tarehe 2 Oktoba 2019 kule Connecticut, ilikuwa na watu 13, wakafa saba, na walikuwemo watu kama mimi wamekuja kufurahi tu. Nililisoma usiku wa kuamkia safari, kosa kubwa, usisome vitu kama hivyo saa nane ya usiku.

NEEMA: Na ukaenda.

MUDI: Hela si nimeshalipa.

NEEMA: Mbongo ni mbongo hata umpeleke wapi.

MUDI: Basi tuko abiria wanne. Wanakupa maelezo kwanza, mfukoni toa kila kitu, sarafu, kalamu, kwa sababu kitu kikidondoka kikaingia kwenye nyaya za usukani ni balaa, mi nikabaki na vya mfuko wenye zipu tu. Unaingilia ubavuni huku nyuma, ngazi fupi, afu ukishaingia unajua kabisa hii haikutengenezwa kwa ajili ya mtu. Ni bati, ripiti, nyaya na mabomba, hamna hata sehemu ya kupumzishia kiwiko. Kipanya cha Mbagala kina raha. Halafu harufu, we umewahi kuingia gereji ya zamani ile sakafu imeshiba oili miaka na miaka? Ile, changanya na petroli na ngozi kuukuu.

NEEMA: Choo?

MUDI: Nilijua utauliza. Kilikuwepo, ndoo yenye dawa huko nyuma, wazi hamna mlango, na hawa watu kwenda Berlin na kurudi ni kama masaa nane, gizani, baridi, huku unapigwa mizinga.

NEEMA: Bora nibane.

MUDI: Wengi walibana. Sasa wanawasha. Injini za Merlin, silinda 12 lita 27, moja moja, sio zote kwa mpigo. Panga linazunguka taratibu kama linasitasita, linakohoa, linatoa moshi wa bluu na ulimi wa moto kwenye ekzosi, unasema hii imekufa, afu ghafla inashika. Ya kwanza ikashika nikasema sawa. Ya pili, kiti kinatetemeka. Ya tatu siku hiyo ikagoma kidogo, yule injinia mbele nikamuona anaifanyia kitu kwa vidole viwili tu, taratibu, kama mtu anatafuta stesheni kwenye redio ya mbao, ikakubali. Ya nne ilivyoshika mi sikuwa nasikia tena kwa masikio nasikia kwa meno. Neema nakwambia nililia.

NEEMA: Ulilia?

MUDI: Machozi tu yametoka yenyewe sijui kwa nini, mzee wa Kizungu pembeni yangu naye analia, tukaangaliana tukageukia kila mtu upande wake.

NEEMA: (anacheka) Sa mkiwa juu?

MUDI: Juu kwenyewe hatukwenda juu sana, unaona ziwa Ontario, unaona viwanda vya chuma vya Hamilton, kuzuri, lakini mi ntakwambia kitu kilichonishika sio dirisha. Ni boriti.

NEEMA: Boriti?

MUDI: Yale mabawa yanashikwa na boriti limekatiza katikati ya ndege, yani limepita ndani palepale watu wanapopita, kama ukuta mfupi. Ukitaka kutoka nyuma kwenda mbele unapanda juu yake, umejikunja maana bati la juu liko hapa, unapitisha mguu mmoja, unakaa kama umepanda punda, unapitisha wa pili. Mi nimelipanda ndege imetulia, mchana, nimevaa fulana, na nikaligonga goti mpaka leo hapa pana bluu. Sa fikiria usiku, ndege imeinama inazunguka inaenda chini, inawaka moto, umevaa manguo mazito yale ya baridi na buti na mkanda wa parashuti.

NEEMA: Mungu wangu.

MUDI: Afu ukilivuka unaenda kutokea wapi? Wa mbele walitakiwa watokee kwenye katundu sakafuni puani mwa ndege. Upana wa inchi 22. Nilivyorudi nyumbani nikachukua futi kamba nikajipima mabega, inchi 19 na fulana. Kuna mwanasayansi, Freeman Dyson, wakati wa vita alikuwa kijana anafanya kazi ya mahesabu makao makuu ya kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, akaja kugundua kwamba katika watu walioangushwa mchana wakiwa ndani ya ndege za Kimarekani, nusu walikuwa wanatoka hai. Ndege zingine za Waingereza za usiku, kama robo. Lancaster, 15 kwa mia. Na lile tundu la Halifax, mwenzake Lancaster, lilikuwa na inchi 24.

NEEMA: Inchi mbili?

MUDI: Inchi mbili dada. Na ofisini ilikuwa vita nyingine kuwashawishi wapanue tundu. Vijana wa hicho kikosi waliokufa ni 55,573 katika kama 125,000. Karibu nusu. Ndo maana mi nasema watu wanasimulia hii ndege kwa injini zake na sauti yake, na ni kweli, lakini hiyo ni ndege ya mtu aliyesimama nje. Ukiwa ndani ni stori ya kutokea wapi.

NEEMA: Na yule jamaa ambaye ndege uliyopanda imepewa jina lake?

MUDI: Andrew Mynarski, mtoto wa Winnipeg. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 1944 wako kwenye Lancaster nyingine, wamepigwa karibu na Cambrai Ufaransa, rubani kasema rukeni. Mynarski anataka kuruka, anageuka anaona mwenzake Pat Brophy kanasa kule mkiani, kile kikuba cha bunduki hakizunguki. Akarudi. Akatambaa kwa magoti kwenye oili inayowaka, akapiga kwa shoka, akavuta kwa mikono, hakuna kitu, mpaka Brophy mwenyewe akamwonyesha kwa mkono nenda bwana. Akarudi kinyumenyume, akasimama wima, akampigia saluti, akaruka nguo zinawaka. Akafa kwa yale majeraha.

NEEMA: Na Brophy?

MUDI: Ndege ikajibamiza chini na yeye ndani, kishindo kikamrusha nje. Akapona. Ndo akaja kusimulia, bila yeye hakuna ambaye angejua.

NEEMA: ...Ngoja nikunywe maji. Sasa Mudi, mimi niseme la kwangu. Hawa vijana nawaonea huruma, ila walikuwa wamebeba nini?

MUDI: Tani sita na kitu za mabomu. Chini ya sakafu niliyokalia, shimo la mita kumi.

NEEMA: Hamburg Julai 1943 wamekufa zaidi ya 30,000, wazee na watoto kwenye mahandaki. Wao walitokea tundu gani?

MUDI: Hawakuwa nalo.

NEEMA: Basi.

MUDI: Sibishani. Yule mzee tuliyelia naye, baada ya kushuka tunakunywa kahawa, nikamuuliza una ndugu alirusha hizi? Akasema hapana, mama yangu ni Mjerumani, alikuwa chini.

NEEMA: Weee!

MUDI: Hakuongeza neno na mi sikuuliza.

NEEMA: Unajua babu yangu alikuwa Keya, yani askari wa Kiafrika wa jeshi la mkoloni Mwingereza, alienda Burma. Na yeye ndege za vita alikuwa anazipenda, sisi watoto tunashangaa, kumbe wao bondeni kule, lile bonde la Kabaw 1944, mvua, barabara matope, chakula kilikuwa kinadondoshwa na ndege kwa parashuti. Mpaka anazeeka ikipita ndege juu anasema haya, magunia hayo.

MUDI: (anacheka) Magunia hayo! Aisee nimempenda babu.

NEEMA: Haya tufunge, umesema una sauti ya injini umerekodi.

MUDI: Ya ndani haifai, ni kelele tu kama blenda. Hii karekodi mshkaji wangu alinisindikiza, alibaki chini nje ya uzio, ndo sisi tunapaa. Sikiliza mpaka mwisho.

[Klipu: muungurumo unakuja, unapita, unafifia. Sauti ya mwanaume karibu na simu: "Duh... duh! Cheki hiyo!" Kimya. Mifuko inapapaswa. "We Mudi! Mudi wee! Funguo za gari!"]