Kongosho la Baba Tunu: Wodini na Nyumbani

MAMA TUNU: Karibuni. Leo niko na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani hapa Dar es Salaam. Tutazungumzia kongosho kuvimba ghafla, ila msikilizaji ninayemlenga ni yule anayeshinda kwenye benchi nje ya wodi: mke au mume wa mgonjwa. Wifi, tuanzie kwenye ugonjwa wenyewe, maana wengi hawajui hata kongosho liko wapi.

SISTA: Liko nyuma ya tumbo la chakula, limekingama kuelekea kushoto. Linatengeneza insulini ya kudhibiti sukari, na linatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Kwa kawaida vimeng'enya hivyo huanza kazi vikishafika kwenye utumbo mdogo. Katika ugonjwa huu vinaanza vikiwa bado ndani ya kongosho, vinalisaga lenyewe. Maumivu yanakaa juu ya kitovu, yanapenya mpaka mgongoni, na mgonjwa anatapika asipate nafuu.

MAMA TUNU: Kaka yako alikuwa hawezi kulala chali. Anakaa ameinama, amekumbatia mto. Na kabla hatujapewa rufaa alishatibiwa vidonda vya tumbo.

SISTA: Hilo nalisikia kila mara. Maumivu yanakaa palepale, na vidonda ndivyo tulivyovizoea. Daktari anahitaji mambo 2 kati ya 3: maumivu ya namna hiyo, kipimo cha damu cha lipasi au amilasi, yaani vimeng'enya vya kongosho, kilichopanda angalau mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha inayoonyesha uvimbe. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu makali ya hivyo, anatapika, na dawa za vidonda hazimsaidii, apelekwe mbele.

MAMA TUNU: Sasa jambo ambalo nataka kila mke alishike. Ukishaambiwa ni kongosho, uliza: limevimba kwa sababu gani? Uliza leo, uliza kesho, uliza kila raundi mpaka upate jibu. Kwa sababu ndugu watafika na majibu yao. Sisi tuliambiwa amelishwa kitu kazini. Wengine wakanong'ona kuwa anakunywa kwa siri.

SISTA: Pombe kweli ni sababu mojawapo kati ya mbili kubwa. Nyingine ni mawe ya nyongo. Jiwe dogo linatoka kwenye mfuko wa nyongo, linateremka, linaziba pale mrija wa nyongo na mrija wa kongosho vinapofungukia kwenye utumbo. Halafu kuna mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi yakipanda sana, kuna kalsiamu ikizidi kwenye damu, kuna baadhi ya dawa. Na wapo ambao tunapima kila kitu na sababu haionekani.

MAMA TUNU: Kwetu yalikuwa mawe, yalionekana kwenye utrasaundi. Lakini nisingependa mke ambaye mumewe anakunywa ajione hana haki ya kuhurumiwa. Yule mtu amepinda kwa maumivu. Huo si wakati wa kumsomea mashtaka.

SISTA: Si wakati wake kabisa. Ila daktari aambiwe ukweli, na hapa mke anatusaidia kuliko mtu yeyote. Anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Kama mama mkwe amesimama pale, omba kuzungumza pembeni. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla, ndani ya siku 2 au 3 anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Ndugu wanaanza kusema ana majini. Tukijua mapema tunamkinga.

MAMA TUNU: Hilo la majini nimelishuhudia kitanda cha jirani. Yule mama alilia sana, na hakuna aliyemweleza.

SISTA: Na dawa zote alizotumia nyumbani pia, za duka na za mitishamba. Hatuulizi ili tumgombeze mtu.

MAMA TUNU: Tuje kwenye zile siku za kwanza. Mimi nilidhani atachomwa sindano ya kuua huo uvimbe. Nikaona ni dripu tu na dawa ya maumivu, nikafikiri hatibiwi.

SISTA: Ndiyo matibabu yenyewe, wifi. Hakuna dawa ya kuzima kongosho. Tunampa maji ya mshipani, tunatuliza maumivu, hata kwa mofini inapobidi, tunamwangalia. Antibiotiki hatutoi mpaka kuwe na maambukizi. Na maji yenyewe siku hizi yanapimwa kwa makini. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa kumwaga maji mengi kwa kasi kunamjaza mgonjwa maji mwilini bila kumwongezea faida. Kwa hiyo mke akiona dripu imepunguzwa mwendo asidhani mgonjwa ametelekezwa. Aulize, ataelezwa.

MAMA TUNU: Na mkojo. Uliniambia niuangalie mkojo kuliko kitu kingine.

SISTA: Kwa mtu wa kilo 70 tunataka angalau mililita 35 kwa saa. Ukipungua, au akianza kuhema haraka, au macho yakawa ya njano, au akazungumza mambo yasiyoeleweka, mwite muuguzi hapohapo. Sisi tunabadilishana zamu. Wewe ndiye uliyemwona asubuhi na unayemwona jioni, kwa hiyo tofauti utaijua kabla yetu.

MAMA TUNU: Nilikuwa na daftari la shule la Tunu. Saa alizopewa dawa ya maumivu, mkojo, alichotapika, jina la kipimo kilichotumwa maabara na kama majibu yamerudi. Daktari wa zamu mpya akija namsomea. Lilinituliza pia, kwa kweli. Usiku wodini unaogopesha, na mkono ukiwa na kazi hofu inapungua.

SISTA: Wagonjwa walio wengi, kama 4 kati ya 5, wanapata nafuu ndani ya wiki moja hivi. Tunaohofia ni wale ambao mapafu, figo au moyo unashindwa kazi kwa zaidi ya saa 48. Hao wanahamishiwa chumba cha uangalizi maalumu, na safari yao inaweza kuwa ya miezi.

MAMA TUNU: Chakula sasa. Hapa ndipo mke anapogombana na ukoo mzima.

SISTA: Ukoo umekuja na hotipoti.

MAMA TUNU: Supu ya ng'ombe imeganda mafuta juu, chapati, wali wa nazi. Wamepika kwa mapenzi, wamepanda daladala mbili. Unawaambiaje hapana? Mimi nilimwachia kaka mkubwa wa ukoo kazi hiyo, akakaa mlangoni saa za kuona wagonjwa. Chakula kinapokewa, shukrani inatolewa, kinaliwa na sisi tunaouguza. Kwa mgonjwa hakifiki. Kila mke amtafute mtu wa namna hiyo, mwenye sauti kwenye ukoo.

SISTA: Zamani tulimnyima mgonjwa chakula siku nyingi ili kongosho lipumzike. Siku hizi, kutapika kukitulia na njaa ikirudi, anaanza kula mapema, kidogo kidogo, chenye mafuta machache. Asiyeweza kula anawekewa mpira wa puani. Huo mpira unawatisha ndugu, lakini unalisha utumbo, na utumbo unaolishwa unasaidia kuzuia maambukizi. Ila kijiko cha kwanza kiruhusiwe na wodi.

MAMA TUNU: Siku ya ruhusa ikafika. Ndugu wanataka kuondoka, gari liko nje. Nikauliza: mfuko wa nyongo unatolewa lini?

SISTA: Swali hilo wengi hawaliulizi. Kama ni mawe na ugonjwa ulikuwa wa kawaida, inashauriwa mfuko utolewe kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2015 ulionyesha kuwa kuwarudisha nyumbani wasubiri kunawarudisha wengi wodini. Kama ugonjwa ulikuwa mkali, upasuaji unasubiri uvimbe uishe. Hata hivyo uondoke na tarehe iliyoandikwa. Na kama sababu ni pombe, uondoke na mpango wa kuiacha, na nani atamsaidia, maana kwa kongosho hilo hakuna kiasi salama. Sigara vilevile.

MAMA TUNU: Nyumbani nako nilikuta kazi ambayo sikuambiwa. Mtu ameruhusiwa, majirani wanasema amepona, lakini akitembea mpaka dukani anarudi ameishiwa nguvu. Anaogopa kula. Kila tumbo likiguna ananitazama usoni aone kama nimeogopa. Na mwanaume aliyezoea kutoka alfajiri kutafuta riziki, kukaa sebuleni mchana kunamchoma. Anakuwa mkali. Nilimpa kazi za kukaa: hesabu za duka langu, kumsomesha Tunu. Hasira zikapungua. Na usiku tulizungumza, siyo kuhusu kongosho tu.

SISTA: Kwenye sahani?

MAMA TUNU: Milo midogo, mara nyingi. Uji, ndizi za kuchemsha, samaki wa kuchemsha, kunde, mchicha bila nazi. Nazi ndiyo iliyomuuma, yeye ni mtu wa Tanga.

SISTA: Nazi ina mafuta mengi, itarudi polepole akishapona. Mke aangalie choo pia. Kikiwa na mafuta, kinaelea, kinanuka kuliko kawaida, na mtu anakonda huku anakula, kongosho halitoi vimeng'enya vya kutosha. Kuna vidonge vyake, vinamezwa pamoja na chakula. Na sukari ipimwe kliniki, hata kama hajawahi kuwa na kisukari. Hatari hiyo inaendelea hata baada ya maumivu kuisha, kwa hiyo apimwe angalau mara moja kwa mwaka.

MAMA TUNU: Na maumivu yakirudi? Homa je? Kuna wanaosubiri tarehe ya kliniki.

SISTA: Homa, macho ya njano, kutapika kusikokoma, tumbo kujaa, maumivu yale ya mgongoni: hapo usisubiri kliniki. Kwa wengine majimaji yanajikusanya karibu na kongosho, yanaonekana wiki kadhaa baadaye mtu akiwa ameshazoea kuwa nyumbani. Mpeleke usiku huohuo, na lile daftari ulibebe.