Mwalo Upi Unashika Dhahabu Laini?

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Rehema, na mwenzangu ni Kaka Maganga. Leo tunalinganisha mialo ya kuoshea mchanga wa mtoni, yaani visanduku vyenye mwinamo ambamo maji huondoa mchanga na dhahabu hubaki, na tutajifunga kwenye dhahabu laini peke yake, kwa sababu kipande cha dhahabu chenye ukubwa wa punje ya mchele hukamatwa na karibu kila mwalo, hata ule wa ubao na gunia. Kaka Maganga, tuanze na mpaka wenyewe: dhahabu laini ni ipi?

MAGANGA: Ahsante, Dada Rehema. Kwa mazungumzo ya leo tuseme ni chembe zilizo chini ya milimita 0.15, na hasa zile za milimita 0.1 kushuka chini, ambazo kwenye karai huonekana kama ukungu wa njano ukingoni mwa mchanga mweusi. Mito mingi ya msimu katika eneo la Lupa, huko Chunya, Tanzania, imebeba dhahabu ya namna hii kwa muda mrefu. Uchimbaji wa Lupa ulioanza mwaka 1922 ulijengwa kwanza juu ya mchanga wa mito, na wachimbaji walipoondoka na vipande vikubwa, waliacha nyuma kile ambacho vifaa vyao havikuweza kukishika.

REHEMA: Wasikilizaji wengi huuliza kwa nini jambo hilo liwe gumu, ilhali dhahabu ni nzito kuliko karibu kila kitu kilichomo mtoni. Msongamano wake ni kama mara 19 ya maji, wakati mchanga wa kawaida ni mara 2.65, na magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga mweusi, ni kama mara 5.

MAGANGA: Uzito wa dhahabu ni ule ule, lakini ukubwa wa chembe unabadilisha mchezo. Kwa chembe ndogo sana, ukipunguza kipenyo kwa nusu, kasi ya kuzama hushuka hadi takriban robo. Matokeo yake ni kwamba chembe ya dhahabu ya milimita 0.05, hata ikiwa ya duara, huzama kwa kasi inayokaribiana na ile ya punje ya mchanga mweupe ya milimita 0.2. Kwa maana hiyo, maji yanayoweza kuusukuma mchanga huo nje ya mwalo yanaweza pia kuisukuma dhahabu. Na dhahabu ya mtoni mara nyingi haiko duara. Imegongwa na mawe ikawa bapa, nayo chembe bapa huyumba ndani ya maji na kuchelewa zaidi kufika chini.

REHEMA: Kuna pia suala la chembe zinazoelea juu ya maji, ambalo wageni wa kazi hii hudhani ni hadithi.

MAGANGA: Si hadithi hata kidogo. Uso wa dhahabu haupendi kulowa, hasa ukiwa na mafuta kidogo, kwa hiyo chembe bapa iliyokauka inaweza kukaa juu ya maji na kuondoka nayo. Ndiyo maana mchanga unapaswa kuloweshwa kabisa kabla haujaingia kwenye mwalo, na kwenye karai la mwisho tone moja la sabuni ya maji husaidia kuizamisha. Nasema kwenye karai, si mtoni.

REHEMA: Sasa tuingie kwenye mialo yenyewe. Nianze na ile ambayo wengi wameiona kwenye video za Wamarekani: kisanduku chepesi cha alumini chenye mbavu, yaani vizuizi vinavyokatiza sakafu, ndefu kwenda juu na zilizoinama. Mfano unaojulikana sana ni Keene A52, wenye urefu wa takriban sentimita 130 na upana wa sentimita 25, unaobebeka kwa mkono mmoja. Wewe unaupimaje kwa dhahabu laini?

MAGANGA: Ni kifaa kizuri cha kutafutia, maana unaweza kukipeleka mahali ambapo pikipiki haifiki, lakini mbavu ndefu zina masharti yake. Maji yanapopita juu ya ubavu, nyuma yake hutokea mzunguko mdogo unaoshusha vitu vizito na kurusha vyepesi. Ubavu ukiwa mrefu, mzunguko huo unahitaji maji mengi na ya kasi ili uwe hai, na kasi hiyo hiyo ndiyo inayopitisha chembe laini juu ya mbavu bila kuzigusa. Ukipunguza maji ili kuiokoa dhahabu laini, mchanga mweusi unajaa nyuma ya mbavu, unakaza kama saruji, na chembe zinazofuata zinateleza juu yake. Mchimbaji amebanwa kotekote.

REHEMA: Kwa hiyo mbavu fupi ndizo jibu?

MAGANGA: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ninaupendelea wavu mgumu wa chuma wenye matundu yaliyoinama, aina ile inayotumika kutengenezea ngazi na madirisha ya viwanda, ukiwekwa juu ya zulia lenye nyuzi nene. Wavu huo huleta mizunguko midogo mingi mno badala ya michache mikubwa, na chini yake zulia linapokea kile kinachoshuka na kukificha mahali ambapo maji hayakifikii. Mhandisi wa Kanada, Randy Clarkson, alifanya majaribio huko Yukon, kaskazini mwa Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kwa kutumia chembe za dhahabu zilizotiwa mionzi, akaziingiza kwenye mialo ya wachimbaji waliokuwa kazini na kuzifuatilia kwa vipimo. Kazi yake iliupa wavu wa namna hii sifa nzuri, na iliwasukuma wengi kuchuja mawe kabla ya kuosha.

REHEMA: Hilo la kuchuja ningependa tulikalie kidogo, kwa sababu naona watu wananunua mikeka ya gharama kubwa ya kutandika ndani ya mwalo na bado wanamwaga mawe ya ukubwa wa ngumi ndani ya mwalo.

MAGANGA: Hapo ndipo fedha inapopotea. Jiwe kubwa linahitaji maji mengi ili lisogee, na likikaa mahali pamoja linachimba shimo kuzunguka pembezoni mwake na kufukua dhahabu iliyokwisha kutulia. Ukichuja hadi milimita 6, au hata milimita 3 iwapo dhahabu yote ni laini, unaweza kupunguza kina na kasi ya maji, na hapo hata mwalo wa kawaida hubadilika. Ningependa kusema waziwazi: kati ya mtu mwenye mkeka wa kisasa asiyechuja na mtu mwenye zulia la zamani anayechuja vizuri, nitaweka dau langu kwa wa pili.

REHEMA: Na mikeka hiyo ya kisasa, ile ya mpira yenye vishimo au ngazi zilizoshuka chini ya uso? Wauzaji wanadai inaondoa kabisa haja ya zulia.

MAGANGA: Wazo lake ni zuri. Badala ya kusimamisha kizuizi kwenye njia ya maji, unaweka shimo chini yake, na mzunguko unatokea ndani ya shimo, kwa hiyo hakuna kitu cha kulazimisha maji yawe na kina kirefu. Faida kubwa ninayoiona ni usafishaji: unaukunja mkeka, unaupiga maji kwenye ndoo, umemaliza, wakati zulia lenye nyuzi huhitaji kusuguliwa na kuoshwa mara nyingi ili litoe kila kitu. Kwa mtu anayetafuta dhahabu kwenye kijito kimoja hadi kingine, jambo hilo lina thamani, maana anaweza kupima sehemu nyingi kwa siku moja bila kuchanganya mchanga wa sehemu hizo. Udhaifu wake ni kwamba vishimo vikubwa vilivyobuniwa kwa kokoto havifai chembe laini, na mnunuzi mara nyingi haelezwi tofauti hiyo.

REHEMA: Mimi ningeongeza mwalo wa sumaku, kwa kuwa unasahaulika. Ule unaoitwa Cleangold, uliobuniwa na David Plath wa Oregon, una sakafu ya mpira wenye sumaku. Magnetaiti iliyomo kwenye mchanga hujipanga juu yake na kuwa kama blanketi lenye vinyweleo, nayo dhahabu laini hunasa humo. Nauona kuwa ubunifu mzuri, maana kile kinachosumbua mialo mingine ndicho kinachofanya kazi hapa.

MAGANGA: Nakubali, kwa sharti kwamba mchanga wako uwe na magnetaiti ya kutosha, na kwamba uulishe mchanga taratibu mno. Ninauona kama chombo cha kusafishia mchanga mzito uliokwisha kupunguzwa, na nisingeutumia kuoshea tani za mchanga mbichi.

REHEMA: Kuna pia ule wa Kimarekani, Bazooka, ambao hauna mbavu kabisa, maji yanasukumwa kwa mirija ndani ya kisanduku cha mwisho na kuufanya mchanga uchemke bila moto, dhahabu ikizama chini.

MAGANGA: Unafanya kazi vizuri kwa dhahabu laini pale penye mkondo wenye nguvu. Kwenye vijito vyetu vinavyopungua maji kuanzia Juni, mirija haipati msukumo, na mchanga hukaza ndani. Tuendelee.

REHEMA: Basi tuje kwenye mwinamo, kwa sababu hata mwalo bora hauwezi kujisahihisha.

MAGANGA: Sehemu ya kuanzia kwa mwalo mdogo ni sentimita 8 za kushuka kwa kila mita ya urefu, ambazo ni takriban digrii 5, kisha unarekebisha kwa kuangalia. Maji yanapaswa kupita kwa tabaka jembamba na tulivu, mchanga mweupe ukisogea bila kusimama, na mchanga mweusi ukionekana kucheza nyuma ya vizuizi bila kuondoka. Ukiona matundu ya wavu yamejaa na uso umekuwa laini, ongeza mwinamo kidogo au punguza mchanga unaoingiza. Ukiona chuma kimebaki kitupu kabisa, umezidisha kasi. Na udongo wa mfinyanzi uvunjwe kwenye ndoo kwanza, kwa sababu donge la udongo linalobingirika juu ya mwalo huokota chembe za dhahabu na kuondoka nazo.

REHEMA: Sasa msikilizaji ana mialo miwili mbele yake na hataki kumwamini muuzaji wala sisi. Ajuaje ulio bora?

MAGANGA: Achukue mchanga wa sehemu moja, auchuje, auchanganye vizuri, kisha augawe kwa ndoo zinazolingana. Kila mwalo uoshe idadi sawa ya ndoo kwa kasi ile ile ya kulisha. Marudio yote, yaani kile kinachotoka mwishoni, yapokelewe kwenye beseni kubwa na yapitiwe kwa karai polepole. Tofauti halisi huonekana hapo, kwa sababu wingi wa dhahabu iliyonaswa haukuelezi iliyopotea. Jambo la pili ni kugawa zulia kwa vipande vitatu na kuosha kila kipande peke yake. Ikiwa karibu dhahabu yote imo kwenye kipande cha juu, mwalo unafanya kazi. Ikiwa kipande cha mwisho nacho kina dhahabu ya kuonekana, ujue nyingine imekwisha kupita.

REHEMA: Wapo wanaotaka uhakika zaidi, na kwao ningeshauri wahesabu chembe kadhaa za dhahabu laini, wazichanganye na mchanga ambao wamethibitisha kuwa hauna kitu, wauoshe, kisha wahesabu zilizorudi. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini haidanganyi.

MAGANGA: Na haihitaji maabara.

REHEMA: Tuna swali linalorudi kila mara: kwa nini kujisumbua na yote haya, ikiwa zebaki itaokota dhahabu laini?

MAGANGA: Kwanza, zebaki nayo huacha chembe nyingi laini, hasa zilizofunikwa na kutu ya chuma au udongo. Pili, inapochomwa, mvuke wake huingia mwilini na kuharibu mishipa ya fahamu, na kile kinachomwagika mtoni hugeuka na kuingia kwenye samaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama zenye uchimbaji huu kupunguza matumizi hayo, na pale inapowezekana kuyaondoa. Mwalo unaoshika vizuri hukupatia mchanga mzito kidogo sana mwisho wa siku, na kiasi hicho kidogo kinaweza kuyeyushwa kwa boraksi, unga mweupe unaosaidia dhahabu kuyeyuka, kama wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino wanavyofanya. Ukiwa na ndoo nzima ya mchanga mweusi, boraksi haiwezekani kiuchumi. Ukiwa na vijiko vichache, inawezekana.

REHEMA: Kabla hatujaenda, kuna suala la mahali pa kuuweka mwalo. Video nyingi zinaonyesha mtu ameutumbukiza katikati ya kijito. Kwa wasikilizaji wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wa eneo hilo, na uchimbaji wenyewe unahitaji leseni.

MAGANGA: Jambo hilo linabadilisha hata uchaguzi wa mwalo. Ikiwa unabeba mchanga hadi kwenye bwawa lililo mbali na mto na kuyazungusha maji kwa pampu ndogo, unahitaji mwalo unaokula maji machache, na hapo mbavu ndefu zinaondoka kwenye orodha zenyewe. Wavu wa chuma na zulia, au mkeka wa vishimo vidogo, vinatosheka na pampu ya kawaida. Tahadhari yangu ni kwamba maji yanayozungushwa hujaa tope, na maji mazito kwa tope huchelewesha zaidi kuzama kwa dhahabu laini. Chimba mabwawa mawili, la kwanza la kutuliza tope, la pili la kuvuta maji safi, na usiruhusu pampu ifike chini ya bwawa.

REHEMA: Na zulia lioshwe kila baada ya muda gani?

MAGANGA: Kwa dhahabu laini, mara tu mchanga mweusi unapofunika theluthi ya juu ya wavu, hata kama ni saa moja tu tangu uanze. Zima maji taratibu, ondoa wavu kabla ya zulia, na weka beseni chini ya mdomo wa mwalo kabla hujagusa chochote.