Umri wa Wiski na Ushahidi wa Pua

Mabibi na mabwana, wiski ya kimea cha shayiri iliyo mbele yenu imetoka katika kiwanda kimoja tu, Lagavulin, kwenye pwani ya kusini ya kisiwa cha Islay, Uskoti, na lebo yake inataja miaka 16. Kwa sheria, namba hiyo ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizochanganywa humo kutoka mapipa mbalimbali, na huhesabiwa ndani ya pipa la mwaloni peke yake, kwa kuwa wiski haikui chupani. Aliyeifungia kabatini miaka 10 bado ana wiski ya miaka 16.

Rangi nitaipita haraka: karameli inaruhusiwa, hivyo weusi si ushahidi wa umri.

Tusianze na ulimi. Kilevi cha asilimia 43 huitia pua ganzi ikizamishwa glasini, kwa hiyo ishikeni glasi chini ya kidevu kwanza, kisha ipandisheni taratibu, midomo ikiwa wazi kidogo. Moshi utatangulia, maana shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo wa kinamasi uliojaa mimea iliyooza nusu. Subirini. Nyuma ya moshi huja mwani, dawa ya kidonda, halafu zabibu kavu. Aliyelelewa Lamu au Unguja hana haja ya kukariri msamiati wa waonjaji wa Edinburgh. Akisema ananusa ng'onda aliyening'inizwa juu ya meko, au chetezo kilichozimika, nitamwelewa mara moja.

Sasa ongezeni matone machache ya maji, kwani kilevi kikipungua, kemikali za moshi husogea karibu na uso wa kinywaji na pua huzipata kwa wepesi zaidi. Onjeni, mkiizungusha mdomoni kabla ya kumeza.

Swali langu kwa wiski yoyote kongwe ni kama shayiri bado inasikika. Pipa huleta vanila na ukakasi, huku moshi ukififia na takriban asilimia 2 ya kinywaji ikipotea hewani kila mwaka. Likikaa nayo kupita kiasi, mnalipia ubao mchungu kwa bei ya miaka 30. Hii ya leo, kwa maoni yangu, imetolewa kwa wakati wake. Hata hivyo glasi zenu zisioshwe usiku huu, kwa sababu kesho asubuhi tutazinusa zikiwa kavu, na kila mmoja atasema kilichobaki ni moshi, ni tunda au ni mbao.